Kuchagua na Kuendesha Swichi za Semikonda kwa Mapigo Mafupi ya Mkondo Mkubwa

Fundi wa Arusha au Moshi anayetengeneza mabunda ya betri za lithiamu, yawe ya taa za sola, ya pikipiki za umeme au ya vifaa vya kambi za watalii, hufika mahali ambapo lehemu haimfai tena, kwa kuwa joto la chuma cha kulehemu huiumiza seli kabla kibamba cha nikeli hakijashika vizuri. Njia inayofaa ni kuchomelea kwa nukta: mkondo wa mamia ya ampea, pengine hata ampea 1000, hupitishwa kwenye kibamba kwa milisekunde chache kisha hukatwa. Mwongozo huu unahusu kile kinachoupitisha na kuukata mkondo huo, yaani swichi ya semikonda. Mfano wangu mkuu ni mashine ya kuchomelea inayotumia betri ya gari, lakini hesabu zake zinamfaa pia yule anayetengeneza CDI ya pikipiki (kifaa cha kuzalisha cheche ya plagi kwa kumwaga kapasita), taa ya mmweko au kifaa cha kutia sumaku.

Mashine nyingi za aina hii huungua huku transista zake zikiwa kubwa vya kutosha. Huungua kwa sababu geti, yaani mguu wa transista unaoamuru mkondo upite au ukatwe, halikupewa volteji inayostahili, au kwa sababu nishati iliyokuwa kwenye nyaya ilikosa pa kwenda mkondo ulipokatwa. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye uchaguzi wa kifaa, na nitakaa zaidi kwenye uendeshaji wake.

Aina ya swichi

Swali la kwanza ni chanzo chako kina volti ngapi, na kama mkondo utakwisha wenyewe au lazima ukatwe. Ampea huja baadaye. Mosfeti, yaani transista inayoamriwa kwa volteji ya geti, ikiwaka kikamilifu hufanya kazi kama rezista ndogo sana, ya miliomu chache, na ukiziunganisha nyingi sambamba ukinzani huo hupungua kwa kadiri ya idadi yake. Chini ya takriban volti 60 ndiyo inayopaswa kufikiriwa kwanza. Thairista (swichi inayowashwa na geti lakini huzima mkondo unapokwisha) na IGBT (transista ya volti kubwa ambayo geti huiwasha na kuizima) hubaki na volti 1.5 hadi 2.5 kati ya miguu yake, upende usipende. Kwa chanzo cha volti 5.4, ambacho ni kapasita kuu (supercapacitor) mbili za volti 2.7 zilizofuatana, kupoteza volti 2 ndani ya swichi ni kupoteza zaidi ya theluthi ya ulichonacho. Kwa kapasita ya volti 400, volti 2 hizo hizo ni nusu ya asilimia moja tu. Ndiyo maana thairista inatawala pale penye volti mia kadhaa na mkondo unaojiishia, kapasita inapokuwa tupu, na IGBT huchukua nafasi pale penye volti hizo hizo lakini pigo linahitaji kukatwa kabla ya kapasita kwisha.

Hesabu ya saketi kabla ya kwenda dukani

Mkondo wa pigo hauamuliwi na transista. Huamuliwa na volteji ya chanzo ikigawanywa kwa ukinzani wote uliomo njiani, na ukinzani huo unapaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kununua chochote. Chukua betri ya gari ya volti 12 iliyo nzima, yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 6; kebo na vibano vyake miliomu 3; sehemu inayochomelewa pamoja na ncha za shaba miliomu 2; na kundi la mosfeti miliomu 1. Jumla ni miliomu 12, na mkondo ni ampea 1000. Kati ya nishati inayotoka katika pigo la milisekunde 10, sehemu inayofika kwenye nukta yenyewe ni jouli 20, nayo mosfeti zote kwa pamoja hubeba jouli 10.

Miliomu 1 hiyo nimeipata kwa kuweka sambamba IRF3205 nane. Nimeichagua kwa mfano huu kwa sababu inapatikana: ni ile ile iliyojaa kwenye inveta ndogo za volti 12, na fundi anayekarabati inveta huenda anayo tayari kabatini. Karatasi ya vipimo ya mtengenezaji inaipa volti 55, ukinzani usiozidi miliomu 8 geti likiwa na volti 10, na ampea 110. Namba hii ya mwisho ndiyo inayowapotosha wengi. Imekokotolewa kwa silikoni huku mgongo wa kifaa ukishikiliwa kwenye nyuzijoto 25, na karatasi hiyo hiyo inakiri kwamba ganda na nyaya zake za ndani zina kikomo cha ampea 75. Kwa pigo, imeandikwa ampea 390. Katika mfano wetu kila transista inabeba ampea 125, juu ya kikomo cha mkondo wa kudumu na chini sana ya kikomo cha pigo, na swali la kama itapona haliwezi kujibiwa na namba yoyote kati ya hizo tatu. Linajibiwa na joto.

Joto ndani ya milisekunde

Wakati wa pigo fupi, bati la kupozea halisaidii chochote. Joto huzaliwa kwenye kijipande cha silikoni, na huhitaji muda kupita kwenye lehemu ya ndani, kwenye bamba la shaba la mgongoni, ndipo lifike kwenye bati. Kwa pigo la milisekunde chache, silikoni iko peke yake na kile kidogo kilicho karibu nayo. Ndiyo sababu karatasi ya vipimo huwa na mchoro wa ukinzani wa joto wa muda mfupi, ambao fundi wengi huuruka na ambao kwa kazi hii una thamani kuliko ukurasa wote wa kwanza. Tafuta mstari wa pigo moja, shuka kwenye muda wako, usome nyuzijoto ngapi huongezeka kwa kila wati.

Kwa ampea 125 na miliomu 8, kila transista inapata wati 125. Lakini ukinzani wa mosfeti hupanda kadiri inavyopata joto, kwa hiyo zidisha kwa 1.5 na ufanye hesabu kwa wati 190. Tuseme mchoro unakupa nyuzijoto 0.4 kwa wati kwa milisekunde 10: ongezeko ni nyuzijoto 76. Chini ya paa la bati mjini Moshi, mchana wa Februari, anza na nyuzijoto 40, na silikoni itafika 116, ikiwa mbali na kikomo chake cha 175. Hesabu hii inapendeza, na ina nafasi ya kutosha kuvumilia mgawanyo wa mkondo usio sawa kabisa kati ya transista nane. Nisingekubali kwenda juu ya nyuzijoto 130 kwenye karatasi, kwa kuwa hali halisi daima huongeza kitu.

Jambo moja linalofaa kukaa kichwani ni kwamba kwa mapigo yaliyo chini ya milisekunde chache, ongezeko la joto hufuata kwa kukaribia kipeuo cha pili cha muda. Pigo likirefushwa mara nne, joto huongezeka mara mbili tu. Lakini mkondo ukiongezwa mara mbili, wati huongezeka mara nne, na joto nalo mara nne au zaidi. Ukihitaji nguvu zaidi kwenye nukta, kurefusha pigo ni salama kwa swichi kuliko kuongeza mkondo, ingawa kwa seli yenyewe pigo refu ni baya kwa sababu joto hupata muda wa kupenya ndani.

Bati la kupozea linarudi kuwa na maana unapofikiria mapigo mengi mfululizo. Jouli 1.9 kwa kila transista, pigo moja kila sekunde mbili, ni chini ya wati 1 kwa wastani. Kipande cha alumini cha ukubwa wa kiganja kinatosha kundi zima.

Kuendesha geti

Geti la mosfeti ni kapasita inayopaswa kujazwa na kumwagwa. IRF3205 moja inahitaji hadi nanokulombi 146, nane zinahitaji karibu mikrokulombi 1.2. Pini ya Arduino (ubao wa maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo inayotoa ishara ya pigo) inayotoa miliampea 20 ingechukua mikrosekunde 60 kuzijaza, na muda huo wote transista zingekuwa katikati, haziko wazi wala hazijafunga, zikibeba volteji na mkondo kwa pamoja.

Ubaya mkubwa zaidi wa pini hiyo, hata hivyo, ni volti 5 zake. Mosfeti hii huanza kupitisha mkondo geti likiwa mahali fulani kati ya volti 2 na 4, na mahali hapo hutofautiana kati ya transista na transista. Ukiipa volti 5, ile inayoanzia volti 2 inapitisha mkondo mwingi, huku ile inayoanzia volti 4 inachungulia tu. Mzigo wa nane unaangukia moja au mbili. Tena, mosfeti isiyowaka kikamilifu hugeuka kuwa kizuizi cha mkondo: volteji ya betri inabaki juu yake badala ya kwenda kwenye nukta, na joto linalozaliwa hapo halifanani kabisa na hesabu tuliyofanya. Likizidi, sehemu ya silikoni iliyo moto zaidi hupitisha mkondo zaidi na kuzidi kupata moto. Kwa kazi ya mapigo makubwa, mosfeti ya kawaida ipewe volti 10 hadi 15 kwenye geti. Kikomo chake ni volti 20, na dayodi ya zena ya volti 15 au 16 kati ya geti na sosi (mguu ambao mkondo hutokea; ule unaoingilia huitwa draini) huilinda. Ziko mosfeti zinazotosheka na volti 4.5, kama IRLB3034, lakini hata hizo huwa na ukinzani mdogo zaidi zikipewa 10.

Tumia kiendesha geti. TC4420 hutoa hadi ampea 6 za papo hapo, hufanya kazi kwa volti 4.5 hadi 18, na hupokea ishara ya volti 5 bila shida. Ndugu yake TC4429 anafanana naye kwa kila kitu isipokuwa kwamba anageuza ishara: pini ikiwa chini, geti linawaka. Ukimweka mmoja mahali pa mwingine, mashine itaanza kuchomelea mara tu unapounganisha betri. Weka rezista ya omu 4.7 kwenye geti la kila transista, kila moja na yake, kwa sababu mageti yaliyounganishwa moja kwa moja huweza kutetemeshana kwa masafa makubwa na kuharibika bila dalili ya nje. Weka pia rezista ya kiloomu 10 kutoka kila geti kwenda sosi, na nyingine kwenye mlango wa kiendesha geti, kwa kuwa pini za maikrokontrola hazina msimamo wakati inapoanza kuwaka.

Sasa kuna mtego ambao naomba msomaji auzingatie kuliko yote katika sehemu hii. Kiendesha geti kinapata umeme wapi? Ukikiunganisha moja kwa moja kwenye betri ile ile inayochomelea, kumbuka kwamba kwa ampea 1000 na ukinzani wa ndani wa miliomu 6, volteji kwenye vichwa vya betri inashuka kwa volti 6. Zinabaki volti 6. Geti lililoanza pigo likiwa na volti 12 linajikuta na nusu yake katikati ya pigo, mkondo ukiwa kwenye kilele, na hali niliyoieleza juu inatokea wakati mbaya kuliko wote. Tiba ni rahisi: dayodi ya Schottky kama 1N5819 kutoka betri, kisha kapasita ya mikrofaradi 1000 upande wa kiendesha geti, na kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 1 karibu kabisa na miguu yake. Betri ikishuka, dayodi inazuia kapasita isirudishe chaji. Kama maikrokontrola na kiendesha geti vinatumia miliampea 20 kwa pamoja, katika milisekunde 10 kapasita hiyo inashuka kwa volti 0.2 tu.

Waya wa kurudi wa kiendesha geti nao una mahali pake. Usiuunganishe mwisho wa pau ya shaba au kwenye kichwa cha betri. Uunganishe kwenye miguu ya sosi, karibu na ganda. Sentimita moja ya waya ina induktansi, yaani tabia ya kupinga mkondo kubadilika ghafla, ya karibu nanohenri 10, na ampea 125 zikipanda kwa nusu mikrosekunde zinazalisha volti 2.5 kwenye sentimita hiyo, ambazo zinapunguzwa kutoka kwenye volteji ya geti. Kwa transista nane, leta waya mbili zilizosokotwa kwa kila moja, za urefu sawa, kutoka sehemu moja ya katikati.

Mkondo unapokatwa

Kuwasha ni kazi nyepesi, kwa kuwa induktansi ya nyaya yenyewe huuzuia mkondo usipande ghafla. Kuzima ndiko kunakoua. Kebo iliyonyooka ina induktansi ya karibu mikrohenri 1 kwa kila mita, na mita moja ya kebo yenye ampea 1000 imehifadhi nusu jouli. Ukikata mkondo huo kwa mikrosekunde 1, volteji inayotakiwa na hesabu ni volti 1000. Transista ya volti 55 haiwezi kuizuia, hivyo inalazimika kupitisha mkondo hali imefungwa, na nusu jouli nzima inamalizikia ndani yake.

Fundi wengi huweka dayodi ya kurudisha mkondo, kutoka draini kwenda chanya, na kuona wamemaliza. Wamemaliza nusu. Gawa mzunguko mara mbili: nyaya zilizo kati ya swichi na ncha za kuchomelea, na nyaya zilizo kati ya betri na swichi. Dayodi hiyo inashughulikia zile za kwanza tu, kwa kuwa mkondo wake unaendelea kuzunguka kupitia dayodi hadi uishe. Mkondo uliomo kwenye nyaya za betri hauna njia hiyo, na unaipandisha volteji ya draini kupitia dayodi yenyewe. Unahitaji kapasita kati ya chanya na sosi, sentimita chache kutoka kwenye transista. Tukichukua nusu mikrohenri upande wa betri, nishati ni robo jouli, na kapasita nne za mikrofaradi 2200 za volti 35, za aina yenye ukinzani mdogo wa ndani, zinaimeza bila kupanda sana. Zipange sambamba, kwa sababu ampea 1000 zikiingia kwenye kapasita moja yenye miliomu 20 za ndani huzalisha volti 20 hapo hapo. Nne huzishusha hadi volti 5.

Dayodi yenyewe ichaguliwe kwa namba ya mkondo wa mfuro, yaani ule inaouhimili kwa nusu mzunguko mmoja. Dayodi za alteneta zinazouzwa na mafundi umeme wa magari zinafaa sana, zimeundwa kubanwa kwenye chuma na kuhimili mapigo mazito. Weka nne kwenye pau moja ya shaba. Kwa mabaki madogo ya volteji yanayopenya bado, weka kati ya draini na sosi dayodi ya kukata mfuro kama 1.5KE30A, ambayo huibana volteji isizidi takriban volti 41. Lakini huibana kwa hadi ampea 36 tu: ni ya mabaki, haiwezi kuchukua nafasi ya dayodi kubwa na kapasita.

Unaweza pia kuzima polepole zaidi kuliko unavyowasha. Panga rezista ya omu 22 kwenye geti, na sambamba nayo weka dayodi ndogo iliyofuatana na rezista ya omu 4.7, ikielekea kwenye geti. Kuwasha kunapita njia ya haraka, kuzima kunapita omu 22. Usivuke hapo sana, kwa kuwa kila mikrosekunde ya kuzima ina wati nyingi ndani yake. Na kabla ya yote haya, fupisha kebo, na zile zinazobaki zifunge pamoja, chanya na hasi zikigusana kwa maganda yao urefu wote. Kitendo hicho kisicho na gharama hupunguza induktansi kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Shaba

Ubao wa saketi wa kawaida una shaba ya unene wa mikromita 35. Njia ya upana wa milimita 20 na urefu wa sentimita 10 ina ukinzani wa miliomu 2.4, zaidi ya mara mbili ya kundi zima la transista. Pau ya shaba ya milimita 10 kwa 3, urefu ule ule, ina chini ya sehemu 6 kwa mia ya miliomu moja. Pau hizi hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mbao za kugawia umeme, na kwa kuzitoboa na kuzikata kwa usahihi unaweza kuulizia kwenye karakana za eneo la Unga Limited mjini Arusha. Lehemu miguu ya transista karibu na ganda kadiri inavyowezekana. Mkondo uingie pau ya draini kwa upande mmoja na utoke pau ya sosi kwa upande wa pili, ili njia ya kila transista iwe na urefu sawa. Ukiuingiza na kuutoa upande mmoja, transista iliyo karibu na kebo itabeba zaidi kila mara.

Thairista kwa volti mia kadhaa

CDI ya pikipiki ni mfano ambao kila fundi wa bodaboda anaujua: kapasita ya mikrofaradi 1 au 2 iliyojazwa kwa volti 200 hadi 400 humwagwa kwenye koili kupitia thairista. Mikrofaradi 1 kwa volti 300 hubeba milijouli 45. Hapa namba za kusoma ni tofauti. BT151 ina ampea 12 za kudumu, na mkondo wa mfuro wa ampea 100 kwa milisekunde 10. Namba ya mfuro imetolewa kwa ajili ya ajali, si kwa kazi ya kila siku. Kifaa kinachopiga maelfu ya mapigo kikae chini ya nusu yake.

Kasi ya mkondo kupanda ni muhimu kuliko kilele chake. Thairista huanza kuwaka karibu na geti tu, na eneo linalowaka husambaa taratibu. Mkondo ukipanda haraka kuliko eneo hilo, sehemu ndogo huungua na kubaki shimo. BT151 imewekewa ampea 50 kwa mikrosekunde, kwa hiyo kwa volti 300 saketi iwe na angalau mikrohenri 6, na kama nyaya hazifiki hapo, ongeza mizunguko michache ya waya usio na kiini cha chuma. Geti nalo lisukumwe kwa nguvu. Miliampea 15 zilizoandikwa ndizo za chini kabisa za kuliwasha. Kwa pigo lenye mkondo unaopanda haraka toa mara 5 hadi 10 ya hizo, zikifika kilele ndani ya mikrosekunde 1. Na chaja ya kapasita isiweze kutoa mkondo unaozidi ule wa kushikilia, ambao kwa BT151 ni hadi miliampea 20 na katika baadhi ya vipande huwa chini zaidi, la sivyo thairista haitazima tena baada ya pigo la kwanza. Njia ya uhakika ni kuisimamisha chaja kabisa kwa milisekunde chache kila pigo linapotolewa.

Kapasita ya volti 300 huua. Iwe na rezista ya kuimwaga iliyounganishwa daima, na ipimwe kwa mita kabla ya kuguswa, hata kama mashine imezimwa tangu jana.

Kupima transista, kisha kupima mashine

Vifaa bandia vipo kila soko, na IRF3205 ni miongoni mwa vinavyoigwa sana. Kipimo chepesi kinatosha kukamata vingi: unganisha taa ya gari ya volti 12, wati 55, kwenye draini, toa volti 12 kwenye geti, na upime kwa mita, moja kwa moja kwenye miguu ya transista, volteji iliyobaki. Ampea 4.6 kwa miliomu 8 ni milivolti 37. Transista ya kweli iliyo baridi isizidi hapo. Ukiona milivolti 70, ina kijipande kidogo cha silikoni ndani ya ganda kubwa, na pigo la kwanza la kweli litaimaliza. Nunua kumi kwa kazi ya nane, za kundi moja, na uchague zilizokaribiana.

Mashine ianze na taa hiyo hiyo mahali pa ncha za kuchomelea, ili kuthibitisha kwamba geti linawaka na kuzima kama ilivyopangwa. Kisha pigo la milisekunde 1 kwenye vibamba vya nikeli vilivyowekwa juu ya meza, mbali na seli, osiloskopu (kifaa kinachochora volteji kwa muda) ikisoma draini na sosi. Asiye nayo anaweza kujaribu kuomba kupimiwa kwenye chuo kilicho na maabara ya umeme, na Chuo cha Ufundi Arusha ni mahali pa kuanzia kuuliza. Unatafuta vitu viwili. Wakati wa pigo, volteji iwe karibu volti 1 au chini yake. Ikiwa 3 au 4, geti halijashiba. Wakati wa kuzima, kilele kisizidi volti 44, yaani asilimia 80 ya 55. Kikizidi, rudi kwenye kapasita na urefu wa nyaya kabla ya kuongeza muda wa pigo. Mkondo wenyewe unaupima kwenye kebo: sentimita 20 za kebo ya shaba ya milimita mraba 35 zina karibu sehemu moja ya kumi ya miliomu, hivyo volti 0.1 kati ya ncha zake ni ampea 1000. Soma sehemu tambarare ya pigo, kwa kuwa kwenye kingo unaona induktansi ya kebo.

Mosfeti ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imewaka. Betri itaendelea kutoa mamia ya ampea hadi kebo ziwake moto, kwa hiyo weka swichi ya kukatia betri mahali mkono unapofika bila kuvuka meza, pamoja na fyuzi kwenye kebo ya chanya. Programu nayo inaweza kukwama pini ikiwa juu. NE555, IC ya kupimia muda, iliyopangwa kutoa pigo moja, yenye rezista ya kiloomu 18 na kapasita ya mikrofaradi 1, hukata baada ya karibu milisekunde 20 hata maikrokontrola ikisema nini, ilimradi uianzishe kwa ukingo wa ishara kupitia kapasita ndogo, kwani NE555 haizimi iwapo mlango wake wa kuanzishia umeshikiliwa chini. Betri ya asidi iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni: iache ipumue mahali penye hewa kabla ya kuleta cheche karibu nayo, na vaa miwani kila unapochomelea.